Muuzaji Kwanza, Bei Baadaye

(Haya ni mazungumzo tuliyotoa sisi wa kikundi cha waendeshaji bodaboda wa upande wa Malava, mbele ya vikundi vya kujisaidia vilivyokusanyika katika ukumbi wa kanisa. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa, kwa sababu vikundi kadha viliomba nakala.)



Tumeombwa na kamati ya maendeleo tuwaeleze jinsi ya kupata wauzaji wa kuaminika wa spea na vifaa vya pikipiki, wale wanaouza kwa bei nafuu kwa njia ya intaneti. Tulipopata barua hiyo tulitazamana, kisha mmoja wetu akasema, "Sasa wametuita sisi tulioibiwa?" Lakini labda ndiyo sababu yenyewe mkatuita.

Sisi ni watu 26. Tunaendesha pikipiki 24, nyingi zikiwa Bajaj Boxer, chache TVS, na mbili za Kichina. Kila mtu huweka shilingi 50 kwa siku katika mfuko wa kikundi. Mfuko huo hununua cheni, tairi na breki, halafu mwenye kuhitaji hulipa pole pole. Pikipiki 11 kati ya hizo si zetu. Ni za akina mama wa vikundi ambavyo baadhi yao wameketi hapa. Wao walinunua, sisi tunaendesha na kupeleka hesabu jioni. Kwa hivyo msifikiri kwamba mambo ya spea ni ya vijana wa steji peke yao. Pikipiki ikilala siku tatu kwa ajili ya cheni, kuna mama ambaye hapati hesabu yake siku tatu, na pengine karo ilikuwa inategemea hapo.

Spea huku kwetu ni ghali. Duka la karibu hununua kwa muuzaji wa Kakamega mjini, yule wa Kakamega naye hununua kwa mtu wa Nairobi, na kila mmoja lazima apate chake. Hatuwalaumu, wanalipa kodi ya duka na leseni. Lakini seti ya cheni na sproketi zake mbili, ambayo mjini tulikuwa tunauziwa shilingi 1,900, siku moja tuliiona kwenye simu ikiuzwa 950. Hapo ndipo habari yetu inapoanzia.

Ilikuwa Agosti 2022. Kijana wetu mmoja alileta simu pale steji, akatuonyesha duka la intaneti. Picha zilikuwa safi kabisa: cheni ndani ya maboksi, tairi zimepangwa mpaka darini. Chini yake watu wengi wamesifu. Tukapiga hesabu. Seti 12 za cheni ni 11,400, tairi 8 kwa 1,400 ni 11,200, jumla 22,600. Muuzaji akatuambia bei hiyo inaisha saa sita usiku. Kamati iliketi dakika kumi hivi, nayo ikakubali.

Mama mweka hazina wetu ndiye anayeshika simu ya kikundi. Alipotia ile namba, kabla pesa haijaondoka, jina la mpokeaji likatokea kama kawaida ya M-Pesa. Halikuwa jina la duka. Lilikuwa jina la mtu binafsi, tena la mwanamke, hali tuliyekuwa tukiongea naye ni mwanamume. Mama akasimamisha kidole akatuuliza, "Na huyu ni nani?" Sisi wanne wa kamati tuliokuwapo tukamwambia, "Mama, lipa tu, labda ni bibi yake. Bei inaisha." Akalipa. Asubuhi tukaambiwa mzigo umezuiliwa na watu wa basi mpaka tuongeze shilingi 1,800 za usafiri. Tukaongeza. Tangu siku hiyo namba ile haikushika tena.

Shilingi 24,400. Kwa mfuko wetu, hiyo ni michango ya watu wote kwa karibu siku kumi na tisa.

Tungependa kuishia hapo, lakini kilichofuata kilikuwa kibaya zaidi. Wanachama waliposikia, hawakutuuliza sisi wa kamati. Walimuuliza yeye, kwa sababu ndiye aliyebonyeza simu. Kuna waliosema labda anamjua huyo mwanamke. Maneno hayo yalimfikia sokoni kabla hayajatufikia sisi. Kwa wiki tatu alikuwa anakuja mkutanoni, anaweka daftari mezani, anaketi kimya. Na sisi tulinyamaza pia, maana kusema kweli kulikuwa ni kujishtaki. Mwishowe mzee mmoja wa kikundi alituita wanne tu, bila watu wengine, akatuuliza: ni nani aliyeliona lile jina kwanza, na ni nani aliyesema lipa? Mkutano uliofuata tulisimama mbele ya wote tukaeleza ilivyokuwa. Tukakubali kurudisha pesa sisi wenyewe, shilingi 6,100 kila mmoja, na tulimaliza kulipa Machi 2023. Mama yuko hapa leo, ameketi pale karibu na dirisha, naye ametupa ruhusa tuyasimulie haya.

Haya, tuingie katika jambo lenyewe.

Baada ya hasara ile wengine walitaka tuache kabisa mambo ya intaneti. Hatukuacha, kwa sababu bei nafuu ipo kweli. Wako wafanyabiashara Nairobi, wengi wao pale Kirinyaga Road ambayo wazee bado wanaiita Grogan, wanaouza kwa simu kwa bei iliyo karibu na ya jumla. Yako pia masoko makubwa ya intaneti kama Jumia na Kilimall. Lakini soko la namna hiyo ni kama soko letu la kila wiki: mwenye soko ni mmoja, wenye meza ni wengi. Usione jina kubwa juu ukadhani ndiye anayekuuzia. Tafuta jina la mwenye meza, uone ameuza kwa muda gani, na usome walionunua kitu kile kile unachotaka wamesema nini. Anayeandika "bidhaa nzuri sana" hajakusaidia. Msome yule anayesema cheni ilianza kuruka baada ya wiki mbili, halafu angalia kama muuzaji alimjibu.

Na hata kampuni ya kweli, yenye ofisi na magari, inaweza kuanguka. Wengi wenu mnaikumbuka Copia, iliyokuwa na mawakala hata katika maduka ya vijijini. Mei 2024 iliwekwa chini ya wasimamizi kwa sababu ya shida ya pesa. Ndiyo maana sisi hata kwa muuzaji mwema hatutangulizi pesa ya mzigo wa miezi ijayo. Tunanunua cha kutumia sasa.

Safari ya pili tulikata shauri tutafute muuzaji kabla ya kutafuta bei. Tuliandika wauzaji saba kwenye daftari. Kila mmoja tulimpigia simu tuongee kwa sauti, si kuandikiana tu, tukamwambia: "Tunataka kabureta ya pikipiki ya umeme."

Mnacheka! Hata yeye mwenye kujua pikipiki angecheka, kwa sababu pikipiki ya umeme haina petroli, na kabureta kazi yake ni kuchanganya petroli na hewa. Wawili walitujibu mara moja, "Iko, zimebaki mbili, tuma pesa." Tukawafuta. Mmoja hakushika simu siku tatu, naye tukamfuta. Mmoja alitucheka mpaka tukaona haya. Huyo tulimwekea alama nzuri.

Tulijifunza hapo kwamba mtu wa spea wa kweli anakuuliza maswali mengi kuliko wewe unavyomwuliza. Ukimwambia unataka cheni ya Boxer, atasema: ni BM 100 au BM 150? Ya mwaka gani? Sproketi ya nyuma ina meno mangapi? Anauliza kwa sababu hataki mzigo urudi. Mwizi hana shida ya mzigo kurudi, kwani hana mzigo.

Wanne waliobaki tuliwaomba watupigie picha ya cheni ikiwa imewekwa juu ya karatasi yenye jina la kikundi chetu na tarehe ya siku hiyo, kwa kalamu. Mmoja alikasirika akakata simu. Mwingine alituma picha ambayo maandishi yalikuwa yanaelea hewani, hayakufuata hata mkunjo wa karatasi. Vijana wetu waliitambua mara moja. Wawili walituma picha safi. Basi binti wa mwanachama wetu, ambaye anafanya kazi Nairobi, alikubali kupita kwao siku yake ya mapumziko. Wa kwanza alimzungusha kutoka barabara hii mpaka ile, "niko hapa nyuma ya benki, hapana, vuka," mpaka simu ikazimwa. Wa pili alimkuta ndani ya kibanda chake, mikono imejaa grisi, na majirani walisema yuko hapo miaka mingi. Ni yule yule aliyetucheka.

Kila kijiji hapa kina mtoto wake Nairobi, Eldoret au Kisumu. Mkitaka kutuma pesa kubwa kwa mtu msiyemjua, mnunulieni mtoto huyo nauli ya matatu aende akaangalie. Ni shilingi mia moja au mia mbili.

Hata baada ya hayo tuliagiza seti moja tu. Shilingi 1,350, na usafiri 250, jumla 1,600. Fundi wetu aliifunga kwenye pikipiki inayofanya kazi ngumu kuliko zote, ile inayobeba magunia ya mahindi barabara ya murram. Tukangoja miezi mitatu. Kila Jumapili jioni fundi alikuwa anashika cheni pale nyuma ya sproketi kubwa na kuivuta. Ikiinuka sana mpaka unaona meno, imekwisha. Haikuinuka. Ndipo tukaagiza seti 12 kwa 1,300 kila moja, 15,600, usafiri 600, jumla 16,200. Mjini zingekuwa 22,800. Tuliokoa 6,600.

Mtaona hiyo si nusu ya bei. Nusu ya bei hatujawahi kuipata kwa kitu cha kweli. Na mnapolinganisha, hesabuni usafiri pamoja. Sisi tulidanganyika mara nyingi kwa kulinganisha bei ya dukani na bei ya simu tupu, kumbe parseli ya kitu kimoja inakula faida yote. Hapo ndipo kikundi kinamshinda mtu mmoja.

Jambo lingine lililotusumbua ni kutojua tunachotaka. Unaweza kumpata muuzaji mwaminifu kabisa, ukamwagiza kitu kisichofaa, ukamwita mwizi. Mwanachama wetu mmoja aliagiza cheni ya 420, ilhali pikipiki yake inatumia 428. Namba hizo zina maana. Ile 4 ya mwanzo ni urefu wa pingili, sehemu nne za nane za inchi, yaani nusu inchi. Zinazofuata ni upana. Cheni ya 420 na ya 428 zina urefu mmoja wa pingili, kwa hivyo ukiziona kwenye picha utasema ni ndugu, lakini ya 420 ni nyembamba, haitaingia kwenye sproketi ya 428. Namba hiyo imegongwa ubavuni mwa cheni yenyewe. Safisha grisi uisome. Na ukibadilisha cheni badilisha na sproketi zote mbili, kwa maana meno yaliyolika huimaliza cheni mpya haraka.

Tairi pia imeandikwa. 3.00-17 ni upana wa inchi tatu na rimu ya inchi kumi na saba. Kisha tafuta kijisehemu chenye tarakimu nne. Ikiwa ni 3519, tairi ilitengenezwa wiki ya 35 ya mwaka 2019. Muuzaji wa bei ya chini sana mara nyingine anauza tairi mpya lakini ya zamani, iliyokaa stoo mpaka raba imekauka. Mwombe apige picha ya tarakimu hizo kabla hujalipa.

Kwa wale wasiojua pikipiki yao ni ya aina gani hasa, namba ya fremu ina herufi na tarakimu 17. Ikianza na MD2 ni Bajaj ya India, MD6 ni TVS ya India. Ikianza na L imetoka China. Hizi za Kichina zinauzwa kwa majina mengi, lakini nyingi zina injini ya aina ya CG, iliyofuata ile Honda CG125 iliyotoka mwaka 1976. Kwa hivyo usitafute spea kwa jina lililoandikwa kwenye tangi. Uliza ya CG, kisha linganisha na ile ya zamani mkononi.

Akina mama wenye vinu vya posho na vikundi vyenye pampu za maji, hapa msikilize vizuri. Beringi haijui kama iko kwenye pikipiki au kinu. Beringi iliyoandikwa 6202 ina tundu la milimita 15, upana wa nje milimita 35, na unene milimita 11, popote ilipotengenezwa. Ikiongezwa 2RS maana yake ina sili za raba pande zote mbili. Sisi tulikuwa tunanunua "beringi ya Boxer" kwa watu wa pikipiki mpaka fundi wa kinu akatuuliza kwa nini hatununui kwa namba kwa watu wanaouza beringi tu. Tangu hapo tunaagiza pamoja na kikundi cha kinu, parseli moja.

Sasa kuna vitu ambavyo sisi hatutafuti bei ya chini. Tumegombana juu ya jambo hili ndani ya kikundi, na bado wako wasiokubaliana nasi. Helmeti ni cha kwanza. Mwanachama mmoja aliagiza helmeti ya shilingi 600. Ilipofika ilikuwa inang'aa, ina hata kioo cheusi. Tukaiangusha kutoka kwenye benchi pale steji, ikapasuka. Tulipoifungua ndani hakukuwa na kitu ila sponji laini kama ya godoro. Helmeti ya kweli, chini ya kitambaa, ina povu gumu linalofanana na lile jeupe la kufungia televisheni mpya. Povu hilo ndilo linalobonyea badala ya kichwa. Ubonyeze ndani kwa kidole gumba: ukizama kote kote, hiyo ni kofia ya mvua. Angalia nyuma au kwenye mkanda kama ina alama ya viwango. Za Ulaya huwa na herufi E ndani ya duara pamoja na namba. Kibandiko cha KEBS chenye namba unaweza kukiuliza kwa ujumbe wa simu kwa 20023. Vibandiko navyo huigizwa, kwa hivyo usiache kubonyeza.

Watafiti waliokusanya uchunguzi wa nchi nyingi walitoa ripoti mwaka 2008: helmeti hupunguza hatari ya kufa katika ajali ya pikipiki kwa karibu 42%, na ya kuumia kichwa kwa karibu 69%. Hizo ni helmeti za kweli. Na ile ya abiria ni ya lazima pia kwa Sheria ya Trafiki, pamoja na jaketi la riflekta. Helmeti ya mitumba tumekataa kabisa, hata ikiwa na jina kubwa, kwa sababu ikishagonga chini mara moja povu limebonyea na kwa nje huwezi kujua.

Jaketi lenyewe ni rahisi kulipima. Ingia nalo chumba cha giza, shika tochi karibu na jicho lako, limulike. Mistari ya kweli inakurudishia mwanga kama macho ya paka. Ya uongo inabaki kijivu.

Oili pia. Kuna oili ya gari inayouzwa rahisi kwa madumu, na vijana wanaona ni faida. Klachi ya pikipiki zetu imelowa ndani ya oili ile ile ya injini, na oili nyingi za magari zina dawa ya kuteleza, klachi inaanza kuteleza nayo. Tafuta iliyoandikwa JASO MA au MA2. Oili tunanunua hapa hapa kwa mtu tunayemwona, chupa ikiwa na sili yake. Breki vivyo hivyo.

Kuhusu kulipa. Siku hizi Mama mweka hazina ana uwezo wa kusimamisha malipo yoyote bila kutoa sababu mpaka mkutano. Hata mwenyekiti akisema bei inaisha, iishe. Tunapenda kulipa kwa namba ya till, kwa kuwa jina la biashara hutokea na hesabu inabaki safi, lakini msije mkadhani till ni kinga. Mwizi naye anaweza kujiandikishia till yenye jina tamu. Jina linalotokea lazima liwe lile lililo kwenye risiti na lile lililo juu ya kibanda ambacho mtu wenu amekiona kwa macho. Ujumbe wa kwamba umelipwa au umerudishiwa pesa uliotoka kwa namba ya kawaida ya simu ni wa uongo. Wa kweli huandikwa MPESA mahali pa jina la mtumaji, na hata hivyo angalia salio lako.

Ukishatuma vibaya, usipoteze dakika ukimpigia mwizi na kumsihi. Peleka ule ujumbe wa M-Pesa kwa 456 hapo hapo. Pesa ikiwa bado imo katika simu yake, kuna nafasi. Akishaitoa, imekwenda. Kisha uende kituo cha polisi upate namba ya OB. Sisi tulienda siku ya tano.

Mzigo ukifika, tunafungua mbele ya karani wa ofisi ya parseli, mmoja anapiga video tangu kamba ikiwa haijakatwa. Karani mwingine hapendi. Tunamwomba kwa adabu, na tunaenda watu wawili, fundi akiwa mmoja wao. Wale wanaouza kwa kulipa ukipokea, waulize mapema kama unaruhusiwa kufungua kabla ya kulipa, maana wengine wanataka pesa kwanza ndipo ukate kamba.

Mtu aliuliza wakati wa chai kama sheria inaweza kutusaidia. Inaweza, kiasi. Sheria ya mauzo ya bidhaa inasema kitu kilichouzwa kwa maelezo lazima kifanane na maelezo hayo. Tena kuna Mahakama ya Madai Madogo, iliyowekwa kwa sheria ya 2016 na kuanza kusikiliza kesi 2021. Inashughulikia madai yasiyozidi shilingi milioni moja, inapaswa kumaliza kesi ndani ya siku 60, na huhitaji wakili. Lakini lazima umtaje unayemshtaki, jina lake na mahali alipo. Sisi mwaka 2022 tungemshtaki nani? Tulikuwa na namba ya simu iliyozimwa na picha za tairi ambazo baadaye tuliziona kwenye duka la nchi nyingine. Yule wa Kirinyaga Road aliwahi kututumia breki zilizokuwa na kasoro, Februari 2024. Alizipokea zikirudi na basi, akabadilisha, na nauli ya kurudi tukagawana nusu kwa nusu baada ya kuvutana siku mbili. Si malaika. Ila tunajua mlango wake.

Agizo letu lijalo linaondoka Ijumaa. Lina seti tisa za cheni, tairi za nyuma sita, na nafasi ya beringi. Kikundi kinachotaka kuingia nasi kilete namba iliyosomwa kwenye beringi ya zamani yenyewe, isiwe ya kukumbuka kichwani, na kilete pesa yake kabla ya Alhamisi saa kumi. Mama ataandika majina pale dirishani, na akikataa la mtu, tafadhali msije kwetu.